Mstari Chini ya Namba

Ni mimi niliyeiandika namba ile.
Si meya, si yule mtaalamu wa Kampala
mwenye suruali iliyokunjwa kama barua.
Mimi, Isabirye, karani wa mapato, chumba cha nne,
dirisha linalotazama Barabara Kuu ya Jinja
na mgongo wa korongo
aliyelala juu ya taa isiyowaka tangu nikiwa darasa la tano.

Tulipita duka kwa duka, mwezi wa pili, jua la utosi.
Mthamini akipima, nami naandika.
Jengo la 1934: mwaka umechongwa kwenye lipu juu ya mlango,
jina la mwenyewe limebaki herufi tatu,
mtini umeota kwenye mfereji wa paa
na mizizi inashuka ukutani
kama mkono unaotafuta ufunguo mfukoni.
Thamani? Andika.
Ghala la pamba lisilo na pamba, lina popo.
Andika.
Sinema iliyogeuka kanisa, kanisa lililogeuka stoo ya saruji.
Andika.

Jioni tukajumlisha: milioni mia tatu na kumi na mbili,
kodi ya majengo yote ya katikati ya mji kwa mwaka,
kama kila mtu angelipa.
Mthamini akasema, piga mstari.
Nikachukua rula.

Nimelieleza jambo hili sokoni, msikitini,
kwenye mkutano wa wenye nyumba,
na kila mara mtu mmoja huondoka akidhani nimemwibia.
Chini ya mstari ni mali ya mji kama jana:
mishahara ya wafagiaji, chaki, dawa za zahanati.
Juu ya mstari hakuna kitu.
Bado.
Tunakwenda benki na hicho kisichokuwepo.
Tunasema: tupeni leo tuchimbe mitaro, tuwashe taa,
majengo yatapanda, kodi itapanda,
na kitakachozidi mstari, kwa miaka ishirini,
ni chenu.

Tenywa wa vipuri vya baiskeli akacheka hadi akashika meza.
“Yaani mnauza maziwa ya ndama
ambaye mama yake hajapata mimba!”
Nikasema ndiyo.
Sikuwa na jibu zuri zaidi.
Tumefundishwa kwamba ahadi ni deni;
hakuna aliyetufundisha kwamba deni nalo ni ahadi,
yenye riba ya kumi na nne kwa mia.

Shangazi yangu Naigaga hashonei ndani ya duka.
Cherehani yake iko barazani, jengo la 1934,
kati ya nguzo ya pili na ya tatu.
Siku ile ya kupima aliinua mguu
ili mthamini apitishe utepe wake.
Daftari halina safu ya baraza.
Nilitafuta.

Taa ya kwanza iliwaka Oktoba.
Korongo akahama kwa hasira ya mwenye nyumba.
Mitaro ikazibuliwa, mvua ikaja, maduka hayakuelea,
na shangazi akashona sare za shule hadi saa nne usiku,
nzi wa taa wakimwangukia kwenye kola.
Januari mwenye jengo akaleta karatasi:
pango mara mbili, baraza pia,
“maana sasa kuna mwanga.”

Mwaka ulipofungwa tulipiga makofi ofisini.
Ziada ya kwanza, juu ya mstari: milioni tisa.
Benki ilisubiri ishirini na moja,
lakini tulipiga makofi.
Niliiandika kwa wino wa bluu
nikijua baadhi ya shilingi zile
zimetoka kwenye kanyagio, chini ya mguu wake.

Nikampelekea nakala. Akafuta mikono kwenye gauni.
“Humu nimo?”
Umo.
“Wapi?”
Nikaweka kidole kwenye sifuri ya mwisho.
Akaitazama sana, akivuta uzi kwa meno.
Ni duara zuri, akasema, kama kifungo.
Halafu akauliza kama kimeshonwa
au kinaning’inia tu.